Kompyuta ya Rafiki Ikiugua, Usikimbilie Kuifuta

Katika nyumba nyingi za leo kompyuta imeshika mahali pa lile sanduku ambalo bibi zetu waliwekamo hati za shamba, vyeti vya ndoa na barua za waliosafiri. Kufuli ya sanduku lile ilipokwama, hapakuwa na mtu aliyeshauri litiwe moto pamoja na vilivyomo. Ama kompyuta ikikwama, shauri la kwanza la vijana wetu wengi, na hata la mafundi wa madukani, ndilo hilo: "Tuifute yote, tutie Windows mpya."

Sababu yao yafahamika. Kufuta ni kazi ya saa chache, haitaki kuuliza wala kufikiri, na mashine hurudi nyepesi kama mpya. Lakini yampasa kijana anayeombwa msaada na jirani au sahibu yake ajue jambo hili kabla hajagusa kitufe: Windows hupatikana tena siku yoyote, picha za harusi, hesabu za duka za miaka mitano, na sauti ya mzee aliyekwisha kufariki, hazipatikani tena. Basi kazi yake ya kwanza si kuitibu mashine, bali ni kuvitoa salama vilivyomo.

Na aanze kwa maswali, kama afanyavyo tabibu. Taabu ilianza lini? Siku zile kulitiwa programu gani? Je, mashine imepata kuanguka? Kisha aulize lile swali ambalo aghalabu mafundi huliruka: ni kitu gani humo ambacho kikipotea utalia? Mwenye mali atajibu upesi kwamba hamna kitu. Jibu hilo lisikubaliwe. Na atajiwe kimoja kimoja: picha, kazi za watoto za shule, barua, hesabu, maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika programu ya kufungulia intaneti. Hapo ndipo kumbukumbu humrudia, na uso ukabadilika.

Nakala na ifanywe juu ya diski ya nje, wala si katika pembe nyingine ya diski ile ile. Na ikiwa kompyuta haifiki hata penye Windows, bado mlango haujafungwa. Upo mfumo wa bure uitwao Linux Mint, ambao huweza kutiwa katika flashi ya GB 8 kwa kutumia kompyuta nyingine nzima (kuitayarisha flashi hufuta kila kilichomo, basi isiwe ya kuazima). Mashine mgonjwa ikiwashwa kwa flashi hiyo, bila ya kusakinisha chochote, mafaili huonekana na kunakiliwa. Lakini kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa fumbo, na bila ya ufunguo wake wa tarakimu 48 hakuna atakayesoma kitu humo. Ufunguo huo aghalabu umewekwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenyewe, naye ndiye atakayeutafuta.

Nilipata kuyaona haya kwa rafiki yangu, muuza vitambaa, ambaye kompyuta yake ilikuwa ikichukua nusu saa kuwaka, kisha huganda. Fundi mmoja alimwambia, "Mzee, hii dawa yake ni kuifuta." Ndani yake mlikuwa na sauti ya marehemu baba yake akisoma Qur'ani, iliyohamishwa kutoka katika kanda za kaseti, na kanda zenyewe zilikwisha haribika kwa unyevu. Kijana mmoja aliyesoma kwangu aliitazama. Hakugusa Windows hata kidogo. Alisoma kwanza khabari za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe, nazo huonekana kwa programu kama CrystalDiskInfo. Akaniambia, "Maalim, si Windows iliyougua. Diski yenyewe inakufa."

Tazama basi tofauti ya shauri hizi mbili. Kama mashine ile ingalifutwa, sauti ingalipotea, na Windows mpya ingaliandikwa juu ya diski ile ile inayokufa. Baada ya wiki chache ugonjwa ungalirudi. Kijana alinakili folda ya sauti kwanza, kisha picha, kisha mengineyo. Video tatu zilikataa kabisa. Sauti ilitoka yote. Ndipo akatia diski mpya isiyo na sehemu za kuzunguka, akasakinisha Windows juu yake, na ile ya zamani akaiacha kama ilivyo.

Katika jambo hili wengi hupotea kwa nia njema. Husikia kuwa iko amri ya kutengeneza diski, chkdsk, wakaikimbilia. Amri hiyo ni njema kwa diski nzima iliyozimwa vibaya. Diski inayokufa huichosha zaidi, hata ikamalizikia hapo. Na diski ya kuzunguka ikianza kugonga kwa sauti, na izimwe mara moja, apelekewe mtaalamu wa kuokoa mafaili.

Diski ikiwa ni nzima, dawa ni nyingi na nyepesi. Huenda imejaa tu. Video zikihamishwa, itapumua. Huenda programu kumi zinaamka pamoja nayo kila asubuhi, zipunguzwe. Huenda vumbi limeziba feni, ikawa inajizima kwa joto. Ukishuku virusi, Microsoft Defender inayo njia ya kuchunguza kabla Windows haijaamka, na hiyo huwakamata waliojificha. Mafaili ya Windows yenyewe yakiwa yameharibika, amri ya sfc /scannow huyakagua na kuyarudisha yaliyo sahihi, wala haigusi picha za mtu. Iko pia njia ya kuirudisha mashine katika hali ya siku iliyopita, ambayo Microsoft waliianzisha mwaka 2000. Hurudisha mipangilio na programu, na nyaraka huziacha. Haya yote yakishindwa, Windows huweza kusakinishwa juu ya Windows, programu na mafaili yakabaki. Kufuta kuna zamu yake, na zamu hiyo ni ya mwisho.

Limebaki jambo la adabu, nami naliona kubwa kuliko ufundi. Anayefungua kompyuta ya mwenziwe ameingia chumbani mwa watu. Neno la siri aliandike mwenyewe, fundi ageuze uso. Picha za familia zinanakiliwa bila ya kufunguliwa. Nakala aliyoiweka kwake kwa muda aifute mbele ya mwenyewe, wala asichukue hata wimbo mmoja kwa kuwa "hauna maana".

Na siku ya kurudisha, mwenye mali akae kitini yeye, afungue picha mbili tatu, barua moja, na hesabu za mwezi uliopita. Rafiki yangu alifungua sauti peke yake, akaisikiliza mpaka mwisho wa sura. Diski ya zamani imo kabatini mwake, imeandikwa tarehe juu yake.