Mama, mkizi na hoteli za Tampa

Mdogo wangu alipojifungua mtoto wa pili, mama alifunga safari kutoka Pangani mpaka Tampa, Florida, kwenda kumlea mzazi. Mimi nilifuata kama mshika mkoba, maana mama ana miaka 74 na presha. Wasomaji kadhaa wa ukurasa huu mna watoto na ndugu huko ng'ambo, na swali mnaloniuliza kila mara ni hili: ukifika, jioni ya Jumamosi mwenyeji anasema "leo tukale nje", mnakwenda wapi na mnakula nini? Nitawaambia tulivyofanya sisi, pamoja na tulipokosea.

Tampa imejengwa juu ya ghuba kubwa upande wa magharibi wa Florida. Ng'ambo ya ghuba kuna St. Petersburg na fukwe zinazotazama Ghuba ya Meksiko, na kaskazini yake kuna mji mdogo wa Tarpon Springs. Watu huko huzichukulia sehemu zote hizo kama mji mmoja. Unalala Tampa, unavuka daraja refu juu ya maji, unakula St. Petersburg, unarudi.

Siku ya kwanza shemeji alitupeleka Ybor City, mtaa wa zamani wa viwanda vya sigara. Ulianzishwa miaka ya 1880 na Vicente Martinez Ybor, aliyehamishia hapo biashara yake ya sigara, na nyuma yake wakaja Wakyuba, Wahispania na Waitalia kwa maelfu. Viwandani alikuwepo msomaji maalumu, akikaa juu ya jukwaa na kuwasomea wafanyakazi magazeti na riwaya huku wakisokota tumbaku. Mama alipenda habari hiyo. Alipenda zaidi kuku wanaotembea barabarani bila mwenyewe. Mjukuu wake wa miaka saba aliwakimbiza mpaka akachoka, na hakuna aliyemgombeza isipokuwa bibi yake, aliyetaka kujua kwa nini kuku wote wale hawajachinjwa.

Ybor ndiko iliko Columbia, hoteli ya chakula iliyofunguliwa mwaka 1905 na Casimiro Hernandez, mhamiaji kutoka Kyuba. Ndiyo kongwe kuliko zote Florida, na bado iko mikononi mwa ukoo huohuo. Kwa nje utadhani ni jengo moja la kawaida lenye vigae vya rangi, lakini ndani inakula kitalu kizima cha mtaa, vyumba 15 vya kulia na viti 1,700. Nendeni mchana, si usiku. Mchana bei ni nafuu, watoto hawajachoka, na unaweza kuvitazama vigae kwa nafasi. Saladi yao inayoitwa 1905 huchanganywa mezani mbele yako, na mhudumu anaizungusha kwa mbwembwe kama muuza urojo. Ila ina vipande vya nyama ya nguruwe. Mwambie mhudumu mapema asiiweke, naye atakuelewa bila kununa.

Kitimoto ndiyo habari kubwa ya Ybor, na kwa familia kama yetu ni lazima kuizungumza wazi. Chakula kinachotajwa kwanza Tampa ni sandwichi ya Kikyuba. Ni mkate mrefu unaojazwa paja la nguruwe, nguruwe wa kuchoma, jibini, achari ya matango na haradali, kisha unabanwa kwenye chuma cha moto mpaka ukauke nje. Watu wa Tampa huongeza salami, urithi wa majirani zao Waitalia. Watu wa Miami hawaongezi, na miji hiyo miwili inabishana juu ya jambo hilo kama Simba na Yanga. Haya, hiyo tuliijua, tukaiepuka. Tusiloliwaza ni mkate wenyewe.

Mkate wa Kikyuba ni mtamu kweli. Kuna kiwanda cha mkate Ybor kiitwacho La Segunda, kilichoanza mwaka 1915, na mpaka leo mtindo wa mtaa ule ni kulaza ukuti mwembamba juu ya kinyunga kabla ya kuoka, ili mkate upasuke katikati kwa mstari ulionyooka. Tuliketi kwenye duka moja dogo la sandwichi, mdogo wangu akaagiza mayai na mkate kwa ajili ya mama. Mama akashika kipande, akanusa, akamgeukia shemeji.

"Baba, hebu muulize huyu kijana, mkate wao wamekandia mafuta gani?"

Shemeji alicheka kidogo, lakini akauliza. Mhudumu akaingia jikoni, akarudi na jibu la kweli bila kuficha: mafuta ya nguruwe, kama mapishi ya asili yanavyotaka. Mdogo wangu ameishi Tampa miaka sita na ule mkate alikuwa akiununua kila wiki. Niliona uso wake ulivyobadilika. Mama hakusema neno, alirudisha kipande kwenye sahani taratibu na kuomba chai.

Basi ukiwa Ybor, uliza mafuta. Kuna wanaotumia mafuta ya mimea, na wenye duka hawachukizwi na swali. Uliza pia kwenye maharage meusi, maana wengine huyapika na nyama ya nguruwe. Na kwenye ile katlesi ya kaa, umbo la yai kubwa, ambayo wafanyakazi wa sigara waliila kwa mkono wakienda kazini: nyama yake ni ya kaa, lakini ganda lake ni unga wa mkate uleule. Wali wa manjano kwa kuku, samaki wa kukaanga na ndizi mbivu za kukaanga havina shida nyingi, na ndizi zile mtoto yeyote wa Tanga atazila kama za nyumbani.

Wanaotaka halali bila maswali waende upande wa Temple Terrace na mitaa iliyo karibu na Chuo Kikuu cha South Florida. Waislamu ni wengi huko, na hoteli za Waarabu zipo za kutosha. Mishikaki, wali, mkate wa tanuri, na chai wanayokuletea bila kuiwekea barafu. Tulikula huko mara nne. Sina la kuongeza ila kwamba sahani moja inawatosha watu wawili.

Sasa nije kwenye kosa letu. Mdogo wangu aliumia kwa lile la mkate, akataka kumfurahisha mama. Jumapili iliyofuata akatupakia wote, mama, mimi, mumewe, mdogo wa mumewe, mtoto na kichanga, akatuvusha ghuba hadi hoteli moja ya ufukweni yenye meza zinazotazama maji. Hapo akamwagizia mama chewa, samaki ambaye pwani ile inajisifia kuliko wote. Mama ni binti wa mvuvi. Babu yetu alivua Pangani tangu ujana wake mpaka macho yalipomwisha. Mama akamega, akatafuna, akatua uma.

"Huyu si chewa."

"Mama, ni chewa. Menyu imeandika."

"Menyu imeandika. Samaki hakuandika."

Mimi sina maabara, na yule samaki alikuwa amefunikwa unga na mchuzi mweupe, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini mama hakuwa wa kwanza kutia shaka. Mwaka 2006 gazeti la St. Petersburg Times lilichukua chewa kutoka hoteli 11 za eneo hilo na kuwapeleka kupimwa vinasaba. Zaidi ya nusu hawakuwa chewa. Wengine walikuwa kambale wa kufugwa kutoka Asia. Tangu hapo serikali ya jimbo imekaza ukaguzi, na hoteli nyingi ni za kweli. Dalili ya kuangalia ni bei, kwani chewa halisi hawi rahisi. Muulize mhudumu kavuliwa wapi na lini, na umtake wa kuchoma bila unga, nyama uione kwa macho. Nyama ya chewa hutoka kwa mapande makubwa mazito. Kambale ni laini, anameng'enyuka.

Kisha ikaja bili. Chakula dola 212. Juu yake kodi, kwa sababu bei ya kwenye menyu Florida haina kodi ndani yake: jimbo linachukua asilimia 6 na wilaya inaongeza yake kidogo. Chini ya hapo kulikuwa na mstari mwingine, dola 42, na chini kabisa nafasi ya kuandika bahshishi. Mdogo wangu, kwa haraka na aibu, akaandika dola 40. Tulipofika nyumbani ndipo shemeji alipoisoma risiti vizuri. Ule mstari wa dola 42 ulikuwa ndiyo bahshishi yenyewe. Hoteli nyingi hujiongezea asilimia 18 au 20 zikiona kundi la watu sita au zaidi. Sheria ya Florida inawataka waandike hilo kwenye menyu na kwenye bili, na walikuwa wameandika, kwa herufi ndogo. Tulilipa mara mbili. Zaidi ya dola 300 kwa mlo ambao mwenye mlo hakuula, na kwa mdogo wangu, anayeosha wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, hizo ni zaidi ya siku mbili za kazi.

Yalisemwa maneno ndani ya gari. Mdogo wangu alisema hajui tena afanye nini mama aridhike. Mama akasema hakuomba kupelekwa. Siku mbili zilizofuata alikula chai na biskuti, anameza vidonge vya presha juu yake, na mzazi aliyetakiwa kulelewa akawa ndiye anayelia jikoni.

Dawa ilitoka kwa mdogo wa shemeji, kijana asiyesema sana. Alimwona mama amesimama ukingoni mwa mto Hillsborough, kwenye njia ya waenda kwa miguu katikati ya mji, anaangalia samaki wanaoruka. Mama akamwambia wale ni mkizi, kwao wanaruka hivyohivyo mpaka ndani ya mtumbwi. "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi," akamfundisha. Kijana akasema, "Basi mama, mimi najua wanapowauza."

Ni South Pasadena, kando ya St. Petersburg, mahali paitwapo Ted Peters. Wapo tangu 1951. Meza za mbao, upepo unapita, na nyuma kuna banda la kuni za mwaloni mwekundu ambamo samaki hukaa saa kadhaa kwenye moshi. Mkizi, nguru, samoni. Mvuvi wa kujifurahisha anaweza kuleta samaki wake mwenyewe akafukiziwa kwa malipo. Mkizi ndiye wa bei ya chini, kwa sababu Wamarekani wengi humwona samaki wa maskini au chambo. Zamani alivuliwa kwa nyavu za makila, mpaka wananchi wa Florida walipopiga kura Novemba 1994 kuzipiga marufuku, sheria ikaanza Julai 1995. Wavuvi wengi waliacha kazi. Sasa anavuliwa kwa kimia. Mama aliposikia hivyo akataka kujua kimia chao kina pima ngapi.

Waliuliza tunataka kiazi cha Kijerumani pembeni. Safari hii mdogo wangu ndiye aliyeuliza kwanza: kina nini ndani? Kina nguruwe. Akachukua kabichi. Mama akamvua mkizi ngozi kwa vidole, akamwaga limau, akala upande mmoja, akamgeuza, akala wa pili, akaanza kichwa. Hakuna aliyezungumza. Mtoto alitaka kuuliza kitu, baba yake akamkanyaga mguu chini ya meza.

Baada ya hapo kazi ikawa rahisi. Tulikwenda Tarpon Springs kwa Wagiriki, waliofika kuanzia 1905 kupiga mbizi wakitafuta sponji, zileile ambazo wanawake wa Jambiani wanazilima leo baharini. Saladi yao ya jibini ina mbatata zimefichwa chini ya majani, mtindo wa eneo lile tu. Tulikwenda Armature Works, karakana ya zamani ya tramu iliyogeuzwa ukumbi wa chakula kando ya mto, ambako kila mmoja huagiza dirisha analolitaka na hakuna anayemlazimisha bibi kitu. Kwa wenye watoto hapo ndipo pa kwanza kuwashauri. Bern's, ile nyumba ya nyama maarufu ya tangu 1956, hatukwenda. Watoto wachanga na mvinyo wa maelfu ya chupa havikai meza moja.

Mengine madogo. Maji ya bomba ni bure, yaombeni. Menyu ya watoto ipo karibu kila mahali. Chakula kikibaki wanakufungia, si aibu, kila mtu anafanya. Kucha za kaa wa mawe ni kuanzia katikati ya Oktoba mpaka Mei mosi tu. Kaa hurudishwa baharini hai na ukucha huota upya. Chaza mbichi mwenye ugonjwa wa ini asiwaguse, hata hoteli zenyewe hubandika onyo. Na mpige simu kabla ya kwenda ufukweni, kwa sababu kimbunga Helene cha Septemba 2024 kiliingiza maji kwenye mahoteli mengi ya upande ule na baadhi yalifungwa kwa miezi.

Jumamosi ya mwisho kabla ya safari mama aliomba arudishwe kwa mkizi. Bili ilipokuja mdogo wangu akaivuta, na mama akamshika mkono. Alifungua fundo la kanga, akatoa noti ya dola 50 iliyokunjwa mara nne. Sijui aliipata wapi na sikumuuliza. Akampa kijana wa mdogo wa shemeji, kwa sababu ndiye aliyejua kuhesabu bahshishi, akamwambia chenji airudishe yote mezani aione.