Nyumba yenye magurudumu: nini cha kubeba, nini cha kuacha

KILWA, Haut-Katanga – Siku hizi simu zinatuletea picha za wazee wa Marekani na Ulaya waliouza nyumba zao na kuhamia ndani ya remorki waliyoitengeneza kwa mikono yao. Wanalala humo, wanapika humo, asubuhi wanafunga mlango na kuivuta kwa gari mpaka mji mwingine. Kijana mmoja wa kwaya alinionyesha picha hizo akauliza: "Baba, hawa ni matajiri ao ni maskini?" Nilimwambia aketi, maana jibu lake si la neno moja.

Kitu chenyewe kwanza. Remorki ya kulala, ambayo ndugu zetu wa Tanzania wataiita trela, ni chumba kidogo kilichojengwa juu ya fremu ya chuma yenye ekseli moja au mbili. Ndani mna kitanda, jiko dogo, pipa la maji na mahali pa nguo. Wengi huinunua kiwandani, lakini desturi ya kujitengenezea ni ya zamani. Katika miaka ya 1920 Mmarekani Wally Byam aliweka hema juu ya chasisi ya gari la Ford Model T ili asafiri na mke wake. Mama hakuifurahia, kwa hiyo bwana akaendelea kuirekebisha, akawauzia watu michoro yake, na mwaka 1931 kazi hiyo ikawa kampuni ya Airstream.

Byam huyo alifika huku kwetu. Mwaka 1959 aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo, ukapita katika nchi yetu ilipokuwa bado Kongo ya Wabelgiji. Hata yeye hakuwa wa kwanza. Mwaka 1938 Attilio Gatti, mzaliwa wa Italia, alikuja Kongo na nyumba mbili za kuvutwa zilizoundwa Marekani. Zikiunganishwa zilikuwa nyumba ya vyumba vitano yenye umeme. Nadhani kijana wa kwaya angesema hao ni matajiri, na angesema kweli.

Wengine hawako hivyo. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, Wamarekani wengi walipoteza kazi na nyumba, na baadhi ya wazee wakahamia ndani ya magari kwa sababu pensheni haikutosha kodi ya nyumba. Mwandishi wa habari Jessica Bruder alitembea nao, akatoa kitabu Nomadland mwaka 2017. Aliwakuta wakifanya vibarua vya msimu: kupanga mizigo kwenye maghala makubwa, kuvuna viazi sukari, kusafisha viwanja vya kambi. Kwenye picha wote wanafanana, mwenye kuchagua na mwenye kusukumwa. Gari ni lile lile na tabasamu ni lile lile.

Sisi wa Kilwa tunaweza kuwatofautisha, kwa sababu tumeishi yote mawili. Mvuvi wa Ziwa Mweru anapokwenda kambini hubeba wavu, taa ya kuvulia chisense usiku, sufuria, mkeka na turubai. Nyumba yake ya kambi ni nyasi na miti, na samaki wakihama naye anahama. Hakuna anayemhurumia. Ana nyumba kijijini, ana mke anayejua yuko kambi gani, na ana kanisa linalosoma jina lake asipoonekana. Amepunguza vitu kwa ajili ya kazi, na anajua atarudi.

Kisha kuna Oktoba 2004. Tarehe 14 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Siku iliyofuata jeshi likaurudisha mji, na uchunguzi wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulitaja zaidi ya watu 70 waliouawa. Sehemu kubwa ya wakazi walikimbia, wengi wakivuka ziwa kwenda Zambia. Siku ile kila mtu alipunguza mali yake mpaka ikatosha ndani ya mtumbwi. Kwa hiyo mtu akija kutuhubiria kwamba kuishi na vitu vichache ni uhuru, tumsikilize kwa adabu, lakini tumuulize kama alipoondoka alikuwa na ufunguo mfukoni.

Kuna swali jingine ambalo picha hazionyeshi: mzigo unabebwa na nani? Dan Crawford, mmisionari aliyefungua kituo cha Luanza kwenye ufuo wetu huu huu wa magharibi katika miaka ya 1890, aliishi Afrika miaka 22 bila kurudi kwao Scotland, na alifia Luanza mwaka 1926. Watu walimwita Konga Vantu, yaani mkusanya watu. Safari za nyakati zile zilikuwa za hema na wapagazi, na mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 27. Mzungu alihesabu vitu vyake kwa vichwa vya watu: sanduku la vitabu kichwa kimoja, kitanda kichwa kingine. Sijui kipimo kinachofundisha kuliko hicho. Kila kitu ulichokataa kukiacha kilikuwa shingo ya mtu fulani.

Remorki nayo haisamehe uzito. Fundi wa kuchomelea anayetaka kuijenga ajue kanuni moja kabla ya zote: asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote lazima ilalie pale remorki inapoungana na gari. Remorki ya kilo 600 basi ilalie kwa kilo 60 hadi 90. Ikizidi, gari linainama nyuma na usukani unakuwa mwepesi mno. Ikipungua, remorki inaanza kuyumba kama mkia wa samaki, na kwenye mwendo inaweza kuliangusha gari. Ndiyo sababu ekseli huwekwa nyuma kidogo ya katikati, na vitu vizito hukaa chini, karibu na magurudumu. Maji yanawadanganya wengi: lita 100 ni kilo 100. Mizani ya kupimia magunia ya mahindi inatosha kupima pale mbele. Weka pia mnyororo wa usalama na taa za nyuma.

Na tafadhali sana, mbabula isiingie ndani. Makala yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu husikia usingizi tu, kisha haamki. Kambini nyasi zinapitisha hewa, lakini ndani ya bati na mbao hakuna pa kutokea. Toboeni matundu ya hewa mawili, moja chini na moja juu, na mpikie nje.

Wainjilisti wetu wameanza kuuliza kama chumba cha namna hii kingewafaa katika kuzungukia makanisa madogo kati ya Kasenga, Kilwa na Pweto. Faida yake naiona. Mwinjilisti hamwondoi mtoto wa mwenyeji kitandani, na dawa zake zinakaa pakavu. Lakini katika Luka sura ya 10 waliotumwa waliambiwa wasichukue mkoba, na wale kilichowekwa mbele yao katika nyumba ya mwenyeji. Mtumishi anayefika na jiko lake hali bukari na mama aliyempokea, wala hasikii habari zinazosemwa usiku baada ya sahani kuondolewa. Kwa maoni yangu alale kwenye remorki yake akipenda, ila sufuria aiache nyumbani.

Kwa wastaafu, walimu na wachungaji wanaofikiria kuuza kiwanja ili kununua gari: msiuze kiwanja. Huko Marekani mtu asiye na nyumba anaweza kuandikishwa kuwa mkazi wa jimbo la South Dakota baada ya kulala huko usiku mmoja, na barua zake zikapokelewa. Huku kwetu hakuna mpango wa namna hiyo. Mgonjwa huulizwa anatoka avenue gani, na marehemu huulizwa atalazwa wapi usiku wa matanga.

Anayetaka kujaribu asianze na chuma. Achukue turubai, mkeka, sufuria moja na Biblia, apime kila kitu kwa mizani, aende majuma mawili akizungukia makanisa ya ufuoni. Akirudi aandike vitu ambavyo hakuvigusa. Jaribio hilo lifanyike kabla ya mvua za Novemba, maana baada ya hapo hata lori tupu hukwama kwenye udongo.