Mifupa ya Mkono na Majina Yake katika Kiswahili: Ushahidi wa Oldupai na Olbalbal

Maji ya masika yapitayo katika Korongo la Oldupai hayafiki baharini. Hutoka upande wa magharibi, kwenye maziwa ya Ndutu na Masek, yakateremka kuelekea mashariki, kisha yakaishia katika bonde la Olbalbal, chini ya miinuko ya Ngorongoro, ambako hutuama na kukauka. Maji hayo ndiyo yaliyokata tabaka za udongo na za majivu ya volkano, na kwa kuzikata yakaidhihirisha mifupa iliyofukiwa humo tangu zaidi ya miaka 1,800,000 iliyopita. Miongoni mwake imo mifupa ya mikono, michache tu na mingi imevunjika, lakini yenye thamani kubwa katika elimu ya mwili wa binadamu. Yeyote atakaye kuieleza kwa Kiswahili hukutana mara moja na tatizo ambalo si la mifupa bali la maneno.

Tatizo lenyewe ni neno mkono. Kwa Mswahili, mkono huanzia begani ukaishia kwenye ncha za vidole. Aliyeshika kalamu ameishika kwa mkono, na aliyevunjika karibu na bega naye amevunjika mkono. Kimasai, lugha isemwayo na wafugaji wa Olbalbal, nacho hutumia neno moja, enkaina, kwa kazi hiyo hiyo. Na Warusi, walio mbali na hapa, wana ruka yao isiyotenga kiganja na sehemu nyingine. Basi hii si kasoro ya lugha. Katika maneno ya kila siku muktadha hutosha, wala hapana aulizaye ni mkono upi uliokoroga chai. Ni katika uandishi wa sayansi, na katika chumba cha tabibu, ndipo neno hili pana linapoanza kumponyoka mtumiaji.

Mfano ulio wazi ni ule wa mabaki yaitwayo OH 62. Mwaka 1986 kundi la wataalamu lililoongozwa na Donald Johanson liliokota Oldupai mamia ya vipande vya mifupa na meno ya mtu mzima mmoja, na habari zake zikachapishwa mwaka 1987. Mfupa wa mkono ulio kati ya bega na kisugudi ulikadiriwa kuwa na urefu wa milimita 264, na mfupa wa paja ukakadiriwa usizidi milimita 280. Kwa makadirio hayo mfupa wa mkono ulikaribia asilimia 95 ya mfupa wa paja, hali kwa watu wa leo ni asilimia 70 na kitu, na kwa sokwe ni karibu na asilimia 100. Mfupa wa paja haukuwa kamili, na wataalamu wa baadaye wamebishana sana juu ya urefu wake. Sasa mwandishi akisema kwamba kiumbe huyo “alikuwa na mikono mirefu”, msomaji atafahamu kiungo kizima pamoja na vidole, na huenda akamwona akilini mwake nyani anayeburuza vidole chini. Ushahidi hausemi hivyo. Unasema juu ya mfupa mmoja ukilinganishwa na mwingine mmoja.

Kabla ya kuendelea yafaa kuutazama mfupa wenyewe. Mfupa si jiwe, japo hufanana nalo unapookotwa korongoni. Katika mwili ulio hai mfupa una damu, una seli zinazoujenga na nyingine zinazoubomoa, na ugumu wake watokana na chumvi za chokaa na fosfati zilizopachikwa katika nyuzi za protini. Mfupa uliolowekwa katika siki kwa siku nyingi hupoteza chumvi zake ukapindika kama ukanda. Mfupa uliochomwa motoni hupoteza nyuzi zake ukabaki mgumu, lakini ukigongwa hupukutika. Vitu viwili hivyo, kimoja cha kuzuia kupondeka na kimoja cha kuzuia kukatika, ndivyo vinavyoupa nguvu. Ndani ya mifupa mirefu mna uwazi wenye uboho. Mtu mzima ana mifupa 206: 80 ni ya kichwa, uti wa mgongo na kifua, na 126 ni ya mikono na miguu pamoja na mifupa inayovishikiza viungo hivyo. Mtoto mchanga anayo mingi zaidi, kwa maana mifupa kadhaa huungana kadiri anavyokua.

Kila mkono una mifupa 32. Miwili ya kwanza humsahaulisha mtu kwamba ni ya mkono: mtulinga, ulio mbele juu ya kifua, na kombe la bega, lililo nyuma juu ya mbavu. Kombe halikuungwa na mbavu kwa mfupa wowote. Limeshikwa na misuli tu, nalo huteleza juu yake. Mtulinga peke yake ndio uunganishao mkono na kiwiliwili kwa mfupa, na kwa sababu hiyo mtu aangukapo akajikinga kwa kunyosha mkono, mara nyingi mtulinga ndio unaokatika. Ni mfupa wa ajabu pia kwa umri wake. Huanza kugeuka mfupa tumboni mwa mama kabla ya mwingine wowote, katika juma la tano au la sita, na ncha yake ya upande wa kifuani ni miongoni mwa zinazokawia kabisa kuungana, hata baada ya miaka 25. Oldupai pia umepatikana mtulinga mmoja, OH 48. Katika Kiswahili kombe na mtulinga ni majina kamili, ya kale, yasiyohitaji msaada; na mwandishi aandikaye “klavikula” mahali pa mtulinga hajaongeza elimu yoyote. Neno la Kilatini lenyewe maana yake ni ufunguo mdogo.

Chini ya bega upo mfupa mmoja mrefu ambao Kiswahili hakikuupa jina la pekee, huo huo wa milimita 264. Wengine huuita humerasi. Yawezekana kusema “mfupa wa mkono wa juu”, na hapo hapana atakayepotea. Ubaya huanza kwenye kiungo kinachofuata. Kiwiko kwa watu wengi wa leo ni mahali mkono unapopinda katikati, lakini wapo wanaosema kiwiko cha mkono wakikusudia mahali kiganja kinapoanzia, kama vile kiwiko cha mguu kilivyo juu kidogo ya kisigino. Wazee wa pwani walikuwa na kisugudi kwa kiungo cha katikati, na kifundo cha mkono kwa kile cha kiganjani. Tabibu aandikaye kwamba mgonjwa ameumia kiwiko bila kueleza zaidi ameacha nafasi ya urefu wa kigasha kizima kati ya yeye na msomaji wake. Katika maandishi ya kitaalamu ingekuwa heri kuchagua kisugudi na kifundo, na kukiachia kiwiko uwanja wa mazungumzo.

Kigasha ndicho kilicho kati ya viungo viwili hivyo, na neno hili, ambalo halisikiki sana siku hizi, ni hazina. Jambo la kupendeza ni kwamba wafanyabiashara wa nguo walikipima kigasha kwa uangalifu ambao mtaalamu wa mifupa angeusifu. Dhiraa kamili ilikwenda toka kisugudi hadi ncha ya kidole cha kati. Dhiraa konde iliishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Aliyetofautisha vipimo viwili hivyo alikwisha tofautisha kigasha na vidole, ingawa hakuwa na haja ya kuitaja mifupa iliyomo.

Mifupa hiyo ni miwili. Mmoja uko upande wa kidole gumba na mmoja upande wa kidole cha mwisho. Huo wa pili ndio unaotokeza nyuma ya kisugudi. Mtu akikunjua viganja juu kwa kuomba dua, mifupa hiyo hulala sambamba. Akivigeuza chini, ule wa upande wa gumba huzunguka ukaupita mwenzake kwa juu, kama vijiti viwili vilivyopishanishwa, na mwenzake karibu usitikisike. Kupindua ufunguo kwenye kufuli na kukamua nguo hutegemea mzunguko huo. Kilatini huiita radiasi na ulna, yaani kijiti cha gurudumu na kisugudi. Nayo yalikuwa maneno ya mtaani kabla ya kuwa ya vitabuni. “Mfupa wa upande wa gumba” ni jina refu, lakini humfundisha mwanafunzi mahali ulipo mfupa papo hapo alisikiapo. Oldupai imetoa mfano mzuri wa kila mmoja: mfupa wa upande wa kidole cha mwisho, OH 36, mnene na uliopinda, na kipande cha ule wa upande wa gumba katika mabaki ya OH 80 yaliyotangazwa mwaka 2013, yenye umri wa miaka kama 1,340,000. Yote miwili huhesabiwa na wengi kuwa ya Paranthropus boisei, yule mwenye magego makubwa ambaye fuvu lake liligunduliwa na Mary Leakey mwaka 1959.

Kiganjani ndiko kwenye utajiri. Mkono mmoja, toka kifundoni hadi ncha za vidole, una mifupa 27: minane midogo ya kifundo, mitano ya kitanga, na pingili 14 za vidole, tatu kwa kila kidole ila gumba lenye mbili. Mikono miwili basi huchukua mifupa 54 kati ya 206, zaidi ya robo ya mwili mzima. Pingili ni neno lililotolewa kwenye muwa na mwanzi, na hapana lugha iliyopata tamathali bora kuliko hiyo, kwa kuwa kidole nacho ni nyembamba katikati ya pingili na kinene kwenye fundo.

Mwaka 1960 ilipatikana Oldupai mifupa ya kiganja na vidole pamoja na taya na vipande vya fuvu vya kijana, OH 7. Ilijulikana kuwa ni kijana kwa meno yake na kwa ncha za mifupa ambazo hazijaungana na shina, pale ambapo mwili unaokua huwa bado una gegedu. John Napier aliichunguza. Pingili za mwisho zilikuwa pana, kama za mtu aliyezoea kubana kitu kwa ncha za vidole. Pingili za katikati zilikuwa nene na zimepinda kidogo, na alama za kano zake zilionyesha nguvu za mpanda miti. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na Napier walimpa kiumbe huyo jina Homo habilis, yaani mtu stadi, kwa kumhusisha na zana za mawe za mahali pale. Ubishi haukuisha. Mwaka 2015 ilitangazwa pingili moja tu ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, OH 86, yenye umri wa miaka kama 1,840,000, iliyonyoka kama ya mtu wa leo, na waliyoichunguza wakasema si ya Homo habilis. Kama ni kweli, palikuwa na mkono wa namna nyingine kabisa Oldupai wakati ule ule.

Hoja hiyo yote imesimama juu ya pingili ya kwanza ya kidole kimoja. Msomaji aliyeambiwa “mfupa wa mkono” hawezi kuifuata, na aliyeambiwa “falanksi” ataifuata akiwa na kamusi mkononi. Aliyeambiwa “pingili ya kwanza ya kidole cha mwisho” hutazama mkono wake akaiona. Kwa mifupa minane ya kifundo njia hiyo hiyo yaweza kufuatwa, maana Kilatini kimeiita kwa sura tu: mmoja kama mashua, mmoja kama mwezi mwandamo, mmoja kama punje ya njegere, mmoja wenye kulabu. Mtumbwi, hilali, njegere na kulabu yako tayari katika Kiswahili. Mfupa mmoja katika hiyo wataka uangalifu zaidi, nao ni ule ulio chini ya gumba, ambao uso wake umebonyea kama tandiko la punda. Kwa sababu ya tandiko hilo gumba huweza kuzunguka likakabili vidole vingine vinne, na katika OH 7 umo mfupa huo, na tandiko lake laonekana.