Bomba Likipasuka Usiku, Bima ya Nyumba Inalipa Nini?

Maji ya mgao yana tabia ya kurudi usiku wa manane, tena kwa nguvu. Kiungio cha bomba kilichochoka hakingoji asubuhi. Unaamka zulia linaelea, soketi za chini zimelowa, na jirani wa chini anagonga mlango. Kwanza unamtafuta fundi. Halafu unaanza kujiuliza: hii hasara ni ya nani?

Kama una bima ya nyumba na vyombo, kuna uwezekano mkubwa kwamba umelindwa. Mikataba ya kawaida hapa Kenya hutaja kupasuka au kufurika kwa matangi na mabomba ya maji, pamoja na moto, radi na wizi. Lakini hapo soma polepole. Kinacholipwa ni uharibifu ulioletwa na maji: dari, rangi, sofa, friji. Bomba lenyewe mara nyingi unatengeneza kwa pesa yako. Na ule unyevunyevu ambao umekuwa ukipanda ukutani tangu mwaka jana? Huo si ajali, ni ukarabati ulioahirishwa. Usitarajie fidia.

Wewe mpangaji, usijifariji na bima ya landilodi. Hiyo inalinda jengo lake. Televisheni na godoro lako ni juu yako, na unaweza kuvikatia bima ya vyombo pekee. Uliza pia kuhusu kipengele cha dhima kwa watu wengine, maana dari ya jirani wa chini ikiharibika kwa sababu yako, atakuja kwako.

Ukitafuta habari hizi mtandaoni utakutana na makala mengi ya Marekani kuhusu mabomba yaliyoganda. Huko ni balaa la kweli: maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na Februari 2021 baridi kali ilipasua mabomba katika nyumba nyingi Texas. Bima za kule huuliza kama uliacha nyumba ikiwa na joto. Kwetu hilo si tatizo (watu wa Kinangop, poleni, baridi yenu tunaijua). Hapa utaulizwa kama nyumba ilikuwa na mtu. Mikataba mingi husimamisha ulinzi wa maji nyumba ikikaa tupu kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya siku 30. Kwa hivyo ukienda ushago Desemba, funga koki kuu na umwachie mtu ufunguo.

Wengi hujikwaa kwenye thamani. Tuseme vyombo vyako ni vya shilingi 800,000, lakini uliandika 400,000 ili ulipe kidogo. Maji yakiharibu vitu vya 100,000, kampuni inaweza kusema umekata bima ya nusu, basi inalipa nusu: 50,000. Kisha inatoa kile kiasi cha kwanza ambacho mkataba unasema utabeba mwenyewe. Uchungu!

Siku ya tukio, zima umeme kwenye swichi kuu kama unaifikia bila kukanyaga maji, funga maji, piga picha, pigia kampuni simu mapema. Usitupe kitu kabla mkadiriaji hajaja, hata kile kipande cha bomba. Risiti zimepotea? Kama ulinunua friji kwa simu, omba taarifa ya miamala yako. Inaonyesha tarehe, kiasi na jina la duka, na ni ushahidi mzuri.

Kuhusu malipo: kwa sheria ya Kenya, kampuni haipaswi kubeba hatari yako kabla haijapokea pesa. Ahadi ya "nitatuma mwisho wa mwezi" haikulindi leo usiku. Lipa moja kwa moja kwa Paybill ya kampuni, weka nambari ya mkataba kwenye akaunti, na hakikisha jina linalotokea ni la kampuni kabla ya kukamilisha malipo. Ajenti akikuambia utume kwa laini yake binafsi, kataa. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, huchapisha orodha ya waliosajiliwa, na ni hao hao unaoweza kuwapelekea malalamishi dai lako likikataliwa bila sababu ya kueleweka. Omba kwanza hiyo sababu kwa maandishi.