Nusu ya Sinia

Tuseme tumo katika nyumba moja hapa Tingi, wilayani Kilwa. Bibi ameketi mkekani, mbele yake sinia la wali kwa changu. Anakula taratibu, ananawa, kisha analalamika kuwa hajashiba, kapewa chakula kidogo. Wanawe wanatazamana. Upande wa kulia wa sinia umekwisha, wa kushoto haujaguswa hata tonge moja. Wiki tatu zilizopita bibi alipata kiharusi, na tangu hapo maneno hayaishi: huyu anasema mama anadeka, yule anasema kachezewa.

Hadeki, wala hajachezewa. Upande wa kushoto wa dunia umetoka katika fahamu zake. Hali hii huwapata wengi wanaopigwa na kiharusi upande wa kulia wa ubongo, na anayeuguza asipoijua humgombeza mgonjwa kwa kosa ambalo hakulitenda.

Jicho hupokea mwanga, lakini kuona ni kazi ya ubongo. Habari za machoni hupita katika mishipa ya fahamu hadi kisogoni: vitu vilivyo kushoto kwetu hupokelewa na nusu ya kulia ya ubongo, vya kulia na nusu ya kushoto. Daktari wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye, aliwapima askari waliojeruhiwa kwa risasi za kichwa katika vita vya Urusi na Japani vya 1904 na 1905. Alilinganisha njia ya kila risasi na sehemu ambayo askari hakuweza kuiona, na mwaka 1909 akachapisha ramani ya kuona iliyomo kisogoni.

Aliyeumia kisogoni mara nyingi hutambua kuwa upande mmoja una giza, na hugeuza kichwa kuutafuta. Bibi wetu hautafuti. Kilichoumia kwake ni sehemu iliyo juu zaidi, kuelekea utosini, inayoamua tuzingatie nini na wapi. Kwake hakuna giza upande wa kushoto, kwa kuwa huo upande wenyewe haupo.

Mwaka 1978 Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti, wa Milan nchini Italia, walionyesha jinsi jambo hili lilivyo na kina. Waliwaomba wagonjwa wawaze wamesimama katika uwanja mkuu wa mji wao, wataje majengo yake. Wakataja hasa ya kulia. Walipoambiwa wajione wamesimama upande wa pili wa uwanja, wakayataja yale waliyoyaacha, na mengi ya yale ya kwanza yakawatoka.

Tuulete mtihani huo kwetu. Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Lindi likipita Tingi, bahari iko kushoto na bara iko kulia. Mwambie mgonjwa wa namna hii, aliyezaliwa hapa, afumbe macho na kujiona yumo ndani ya basi hilo. Huenda akataja Njinjo na Liwale za bara, asizitaje Kivinje wala Masoko za pwani. Sasa mwambie basi linarudi Dar: Kivinje na Masoko zinamrudia, Njinjo na Liwale zinapotea. Hakusahau kwao. Kumbukumbu zote anazo, ila fahamu yake haifiki kushoto.

Yapo madhara mengine ya ubongo yanayovuruga kuona huku macho ni mazima. Mwaka 1988 mwanamke anayejulikana katika vitabu vya tiba kwa herufi D.F. alivuta gesi ya kaboni monoksaidi bafuni, kutoka kwenye kifaa cha kuchemshia maji. Alipozinduka hakuweza kutambua maumbo. Melvyn Goodale na David Milner, walioandika habari zake mwaka 1991, walimwonyesha tundu jembamba kama la sanduku la posta: hakuweza kueleza limelala au limesimama, lakini alipopewa kadi aliitumbukiza sawasawa. Mkono ulijua asichokijua mwenyewe. Gesi hiyo ndiyo itokayo kwenye jiko la mkaa. Usilale nalo chumbani.

Mtoto naye, malaria ikipanda kichwani, anaweza kuzinduka akiwa haoni ingawa macho ni mazima. Wengi huona tena baada ya wiki au miezi.

Kiharusi si ugonjwa wa Ulaya tu. Utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta, baada ya kusawazisha tofauti za umri, kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wagonjwa wapya wapatao 109 Hai na 316 Dar. Chanzo kikubwa ni presha, nayo hupimwa kwa dakika chache kwenye kituo cha afya. Uso ukienda upande, mkono ukilegea au kauli ikikwama ghafla, mkimbize mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo. Mganga wa kienyeji atakupotezea saa ambazo ubongo hauna.

Na aliyekwisha kuugua, msaidieni bila kumfokea. Mfundisheni kugeuza kichwa kushoto. Wekeni kitambaa chekundu kwenye ukingo wa kushoto wa sinia, na mwambieni asiache kutazama mpaka akione. Kaeni kushoto kwake mnapoongea naye, mkimgusa mkono wa upande huo. Wengi hupata nafuu katika miezi ya mwanzo.

Leo hii, kabla ya mazoezi yote, ligeuzeni sinia. Bibi ataukuta wali aliokuwa akiuulizia, na ninyi mtajua kuwa alisema kweli: alikuwa bado ana njaa.