Mpelelezi Mkuu wa Shauri: Mlinzi wa Ushahidi Kutoka Eneo la Tukio Hadi Mahakamani

Kosa kubwa la jinai linaporipotiwa, wananchi wengi husubiri kusikia jambo moja: nani amekamatwa. Hata hivyo, kukamata ni sehemu tu ya kazi. Shauri husimama au huanguka kutokana na namna ushahidi ulivyokusanywa na kutunzwa, na msimamizi wa jukumu hilo ni mpelelezi mkuu wa shauri.

Ofisa huyo hugawa majukumu: nani alinde eneo la tukio, nani aandike maelezo ya mashahidi, na vielelezo gani vipelekwe kwa wataalamu. Sampuli za vinasaba, kwa mfano, huchunguzwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Majibu yote hukusanywa katika jalada moja.

Stadi ya kwanza anayohitaji ni umakini wa kumbukumbu. Katika rufaa ya Paulo Maduka na wenzake dhidi ya Jamhuri, Namba 110 ya mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilisisitiza umuhimu wa kumbukumbu zinazoonesha kielelezo kilivyokamatwa, kutunzwa, kukabidhiwa na kuchunguzwa. Mnyororo huo ukikatika, mhalifu anaweza kuachiwa huru.

Stadi ya pili ni kuhoji kwa kufuata sheria. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, imeweka muda wa msingi wa saa nne wa kumhoji mtuhumiwa aliye chini ya ulinzi, unaoweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Aidha, maelezo ya kukiri kosa yaliyopatikana kwa vitisho au mateso hayana nafasi mahakamani.

Stadi ya tatu ni kutopendelea. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitishwa. Kwa hiyo, mpelelezi hufuatilia pia ushahidi unaomwondolea mtuhumiwa lawama. Uamuzi wa kushtaki si wake. Upo chini ya mamlaka ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Mwananchi anayo sehemu yake. Anapokuta tukio, asiguse wala kuhamisha kitu, isipokuwa kuokoa maisha. Atoe taarifa Polisi mapema, na akiitwa kutoa ushahidi, afike. Unyayo mmoja uliofutwa na umati unaweza kuwa ndio uliobeba ukweli.