Anayemiliki umbo la mfupa ndiye anayeuza nyonga

Mwaka 2013 kampuni ya Stryker ya Marekani ilinunua Mako Surgical, watengenezaji wa roboti ya kumsaidia daktari wa mifupa, kwa takriban dola bilioni 1.65. Mwaka 2017 ikageukia Manchester, Uingereza, na kununua Imorphics, kampuni ndogo isiyotengeneza chuma chochote. Mali yake ilikuwa programu inayotambua umbo la mfupa. Ununuzi huu wa pili ndio unaoonyesha fedha za nyonga bandia zinakoelekea.

Kwa miongo mingi daktari aliweka karatasi angavu yenye mchoro wa kiungo juu ya eksirei, akakadiria saizi. Picha hiyo haina kina. Kikombe cha nyonga kikipinda, kiungo huweza kuchomoka. Shina la kiungo bandia, linaloingia ndani ya mfupa wa paja, likikaa juu au chini mno, mguu mmoja huwa mrefu na mgonjwa hutoka hospitali akichechemea.

CT-Scan huonyesha umbo kamili, ila bila programu ya kutambua umbo lazima mtu akae kwenye kompyuta atenganishe mfupa na nyama, picha baada ya picha. Kazi hiyo inachosha na ni ghali. Hapa ndipo inapolipa hesabu iliyobuniwa na Tim Cootes, Chris Taylor na wenzao wa Manchester mwanzoni mwa miaka ya 1990. Programu kama ya Imorphics hufunzwa kwa mifupa ya watu wengi hadi ijue wastani wa umbo na jinsi watu wanavyotofautiana. Ikipewa picha mpya, huunyoosha na kuukunja wastani huo hadi ulingane na mgonjwa. Daktari hupanga saizi na pembe kabla ya kushika kisu.

Kwa muuzaji, programu ni mlango tu. Roboti ya Mako hupangia viungo vya Stryker. Hospitali ikishaifunga, imeshachagua na muuzaji wa viungo. Mshindani wake, Zimmer Biomet, alinunua Medtech, kampuni ya roboti za upasuaji ya Ufaransa, mwaka 2016.

Afrika Mashariki, selimundu huwaharibia nyonga hata vijana, kwa kuua kichwa cha mfupa wa paja kinapokosa damu. Programu huijua vizuri mifupa inayofanana na ile iliyoifunza; ikiwa ilifunzwa kwa wazee wa Ulaya, wao kwa kawaida hawana nyonga za aina hiyo. Picha za vijana hawa basi zina thamani ya kibiashara. Hospitali zetu, kabla ya kusaini mkataba wowote, ziulize: programu hii ilifunzwa kwa mifupa ya nani, na picha za wagonjwa wetu zitamilikiwa na nani?